Ukitakiwa heri ya Krismasi na wewe si Mkristo, unajibu nini?

#1 Kaskazi (mleta uzi)
Habari wakuu.

Mimi ni Mwislamu. Kazini meza yangu inatazamana na ya dada mmoja Mkristo, mwaka wa sita huu. Baba yangu alipolazwa, huyu dada alikuwa anapitia hospitali kila jioni akitoka kazini. Anavuta kiti, anamsomea mzee gazeti ukurasa kwa ukurasa, maana macho yalikuwa yameshamkataa. Baba amefariki akimwita "binti yangu".

Juzi tarehe 25 asubuhi akanitumia meseji: "Heri ya Krismasi kaka, wewe na wote nyumbani." Nikaandika "Na kwako pia". Nikafuta. Nikaandika "Heri ya Krismasi dada". Nikafuta tena. Mwisho nikatuma "Asante, siku njema." Alama zikageuka rangi, ameisoma. Akajibu "Sawa." Mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kuniandikia neno moja tupu.

Shekhe ninayesoma kwake anasema ukimpongeza mtu kwa sikukuu ya dini yake umeiridhia imani yake. Kaka yangu mkubwa, mtu wa swala tano, anasema hiyo ni salamu tu kama salamu nyingine. Nataka kusikia kwa wanaoishi na jambo hili, wa dini zote na wasio na dini. Ninyi mnafanyaje?

#2 Jiwe la Pembeni
Shekhe wako hajatunga. Ibn al-Qayyim aliandika hilo karne ya 14, kwamba kupongezana kwa alama za dini isiyo yetu ni haramu kwa makubaliano ya wanazuoni. Ibn Uthaymin katika zama zetu akalirudia. Hoja haina chuki ndani yake. Sisi tunamwamini Isa kuwa nabii, mwana wa Maryam. Wenye sikukuu wanasherehekea Mungu kufanyika mtu. Sasa ukisema hongera, hongera ya nini?

Mtembelee, msaidie, mpe zawadi siku yoyote nyingine. Majirani zangu Wakristo wanalijua hili kwangu na tunaishi vizuri.

#3 Mwanga wa Jioni
#2 umetoa upande mmoja ukauita dini nzima. Dar al-Ifta ya Misri, taasisi ya fatwa ya nchi hiyo, inaruhusu kuwapongeza Wakristo. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeruhusu. Yusuf al-Qaradawi aliruhusu. Shekhe Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, humpongeza Papa Tawadros wa Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, sikukuu hiyo ikifika, na wala hajifichi. Tena soma Al-Mumtahina aya ya 8: Mungu hakukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiokupiga vita kwa sababu ya dini. Soma na An-Nisaa aya ya 86: ukiamkiwa, itikia kwa iliyo bora zaidi au rudisha hiyo hiyo. Dada wa watu alimwamkia. Ajibiwe.

#4 Jiwe la Pembeni
Aya ya kwanza inasema wema na uadilifu, na wema nimeshautaja. Ya pili ni ya maamkizi, haihusu pongezi za ibada. Na ukimtaja al-Qaradawi mtaje mzima. Huyo huyo alikemea hadharani maduka ya nchi za Kiislamu kujaza miti ya Krismasi. Kuruhusu neno kwa jirani ni kitu kimoja, kuifanya sikukuu iwe yako ni kingine. Watu wanavichanganya.

#5 Mwanga wa Jioni
Hapo tunakubaliana, kuisherehekea ni jambo jingine. Lakini mleta uzi hajauliza habari za mti. Ameuliza kuhusu meseji.

#6 Kumbikumbi
Mnahangaika bure. Krismasi ilitungwa na Konstantino kwenye Mtaguso wa Nikea mwaka 325, akachukua sherehe ya kipagani ya Saturnalia ya tarehe 25 Desemba akaipaka rangi. Haina Mkristo wala Mwislamu hapo.

#7 Mzee wa Darubini
Kumbikumbi, una makosa matatu katika sentensi moja, kijana wangu, twende taratibu. Nikea walijadili mafundisho ya Arius, padri aliyekana kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba, na tarehe ya Pasaka, Krismasi haikuwa hoja. Saturnalia ilianza tarehe 17 Desemba na hata iliporefushwa iliishia 23. Tarehe 25 yenyewe tunaiona kwenye kalenda ya Kirumi ya mwaka 354, ambamo siku hiyo imeandikwa kuzaliwa kwa Kristo mahali pamoja, na mahali pengine kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", yaani jua. Kaisari Aurelian alikuwa amelijengea jua hekalu mwaka 274.

Nani alimwiga nani, wasomi hawajapatana. Wapo wanaosema Kanisa liliifunika siku ya jua. Wapo wanaosema Wakristo walikuwa na hesabu yao: waliamini Kristo alitungwa mimba tarehe ileile aliyokufa, 25 Machi, ongeza miezi tisa unafika 25 Desemba. Mimi nimeegemea hesabu hii ya pili, ila simlazimishi mtu.

#8 Kumbikumbi
Asante mzee, Nikea nafuta. Lakini la jua bado nalishikilia.

#9 Karatasi ya Dhahabu
Nimelelewa na wazazi Mashahidi wa Yehova. Makao makuu yetu, wakati huo Brooklyn, walisherehekea Krismasi kwa mara ya mwisho mwaka 1926, baada ya hapo tukaacha. Sababu ndizo hizo za #6 na #7, pamoja na kwamba Biblia haituagizi kukumbuka kuzaliwa kwa Yesu. Imetuagiza kukumbuka kifo chake.

Watu wanadhani sisi tuna kiburi. Niwape kisa. Nikiwa na miaka minane mwalimu aligawa karatasi za rangi ya dhahabu, kila mtoto akate nyota ya kubandika dirishani. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba sisi hatufanyi. Akasema basi kaa nayo tu. Nikakaa nayo kipindi kizima, nimeiweka mezani, viganja juu yake ili isiruke, huku wenzangu wanakata. Sikuwa na hasira na Krismasi wala na wenzangu. Nilitamani tu mtu aniambie nikafanye kingine.

Kwa hiyo mtu akinitakia heri ya Krismasi leo namwambia "Asante kwa kunikumbuka," nacheka naye, namuuliza habari za watoto. Simrudishii maneno yale, na sijawahi kuona amekwazika nikimjibu kwa uchangamfu. Kaskazi, nadhani tatizo lako halikuwa kukataa neno. Ulimjibu kwa ubaridi.

#10 Kaskazi
#9, umenigusa penyewe.

#11 Tulizana
Mimi Mkristo, nimekuwa huyo dada mara nyingi. Asubuhi ile mtu anatuma meseji hamsini, mkono mmoja mwiko, mkono mwingine simu, mtoto anavuta nguo. "Sawa" inaweza kuwa "sawa" tu kaka yangu.

Lakini nikuulize. Idi ikifika, yeye huwa anakuandikia nini?

#12 Kaskazi
"Idi Mubarak" kila mwaka. Na usiku wa kuamkia huwa ananiuliza kama mwezi umeonekana.

#13 Tulizana
Haya. Umejijibu.

#14 Jiwe la Pembeni
Tulizana, hapo unafanya salamu kuwa deni. Yeye kusema Idi Mubarak hakumvunjii itikadi yake. Mimi kupongeza kuzaliwa kwa Mwana wa Mungu kunaigusa yangu. Mizani hailingani, na kusema hivyo sio kukosa adabu.

#15 Tulizana
Nani kakwambia halimgharimu kitu? Kwangu mimi wapo wachungaji wanaosema usimtakie Mwislamu heri ya Idi, kwa maneno yaleyale ya shekhe wa Kaskazi, umebadilisha jina la sikukuu tu. Nimekemewa mara mbili mbele ya watu kwa sababu hiyo. Na Vatikani imekuwa ikiwapelekea Waislamu ujumbe wa heri kila mwisho wa Ramadhani tangu mwaka 1967, na wapo Wakatoliki wasioupenda. Kila upande una watu wake wanaolipa.

#16 Jiwe la Pembeni
Hilo sikulijua. Nalichukua.

#17 Nyuki Kazi
Kuhusu tarehe naomba kuchomeka. Surat Maryam aya ya 25, Maryam anaambiwa alitikise shina la mtende tende mbivu zimwangukie. Tende haziivi Desemba kule. Na Luka 2 aya ya 8, wachungaji wako nje usiku na mifugo. Vitabu viwili, watu wawili wasiopatana, na wote wanaelekea msimu wa joto. Mwislamu na Shahidi wa Yehova wanafika mlango mmoja kwa njia mbili.

#18 Mzee wa Darubini
Mtende ule ulikuwa muujiza. Muujiza haukupi msimu. Na kondoo wapo wanaolala nje mwaka mzima pale baridi isipokuwa kali. Hoja nzuri, lakini haifungi kesi.

#19 Nyuki Kazi
Kama ni muujiza mbona zitajwe "mbivu"? Endelea kufikiri mzee, nakupa usiku mmoja.

#20 Mke wa Tahsas
Ninyi mnagombea tarehe 25, mimi kwangu haijafika. Nimeolewa na Mkristo wa Tewahedo, kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia. Kwao Krismasi ni tarehe 29 ya mwezi wa Tahsas, yaani 7 Januari, na kabla yake wana mfungo mrefu, hawali nyama wala maziwa wala mayai.

Sasa picha ni hii: tarehe 25 simu ya mume wangu haipumziki, kila mtu heri ya Krismasi, naye yumo ndani ya mfungo. Anajibu wote "Amina". Ikifika 7 Januari simu iko kimya. Siku yenyewe! Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimkuta amekaa na simu mapajani, anaigeuza, kioo juu, kioo chini. Tangu hapo namwandikia mimi meseji nikiwa chumba cha pili, ili iite.

#21 Kinyonga
Lakini hiyo si ni Krismasi ya Kirusi?

#22 Mzee wa Darubini
Warusi na Waserbia pia, na Wakopti wa Misri. Kalenda ya Juliasi iko nyuma ya hii yetu kwa siku 13, na ya Ethiopia ina mwendo uleule wa miaka mirefu (ya siku 366) ingawa miezi yake ni yake. Baada ya Februari 2100 pengo litakuwa siku 14, na wasipobadili watakuwa wanasherehekea 8 Januari. Ukraine walihamia 25 Desemba mwaka 2023. Waarmenia wana 6 Januari, wanaunganisha kuzaliwa na kubatizwa kama ilivyokuwa zamani mashariki.

#23 Kumbikumbi
Kwa hiyo Wakristo wenyewe hawajapatana siku.

#24 Mzee wa Darubini
Hawajawahi hata kupatana kama iwepo. Origen wa Aleksandria, karne ya 3, aliandika kwamba katika Maandiko wanaofurahia siku zao za kuzaliwa ni wenye dhambi kama Farao na Herode. Bunge la Uingereza lililotawaliwa na Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali, liliifuta Krismasi mwaka 1647, ikarudi na mfalme mwaka 1660. Koloni la Massachusetts mwaka 1659 liliweka faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa anaisherehekea, wakaiondoa 1681. Scotland haikuwa siku ya mapumziko hadi 1958. Wote hao Wakristo, tena wenye bidii. Kwa hiyo ndugu yangu Jiwe, ukisikia mtu anakwambia kutoisherehekea ni ukafiri, mpe historia hiyo.

#25 Shamba la Saba
Msabato hapa. Kanisa letu halina katazo wala amri, kila nyumba inaamua. Sisi tunaimba na kutoa misaada, dada yangu hafanyi chochote siku hiyo, na hakuna anayemhukumu mwenzake. Warumi 14 imeshasema kuna anayetofautisha siku na asiyetofautisha, kila mtu awe na hakika moyoni mwake.

#26 Kalamu Nyekundu
Mimi sina dini. Niliacha nikiwa na miaka ishirini na moja, baada ya kufikiri sana na kulia sana. Kwa mama narudi kila Krismasi. Nakaa kwenye benchi lilelile, naimba sauti ya tatu kwa sababu mama anaimba ya pili na bila mimi anayumba. Siamini hata mstari mmoja wa ninachoimba. Sioni kama namdanganya mtu, mama anajua. Nikitakiwa heri najibu kwa heri, kikamilifu, kwa jina la sikukuu. Asiye na Mungu ana uhuru wa kusema neno la mwenzake bila kuogopa kwamba limembatiza.

#27 Jiwe la Pembeni
Na hiyo ndiyo tofauti yetu. Kwako neno halina uzito kwa hiyo unaligawa. Kwangu lina uzito.

#28 Kalamu Nyekundu
Lina uzito kwangu, ndiyo maana nauimba wimbo mpaka mwisho. Uzito wake ni mama.

#29 Kinyonga
Tusisahau Wajapani. Wakristo kule hawafiki asilimia mbili, tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi, lakini mji mzima taa, na mkesha wake ni usiku wa wapenzi. Hiyo nayo ni Krismasi au ni jina tu?

#30 Bustani ya Ndani
Mimi ni Mhindu. Kwenye vituo vya Ramakrishna Mission, mkesha wa Krismasi huwekwa picha ya Yesu na Mama yake, maua, mishumaa, na habari za kuzaliwa kwake zinasomwa. Si kwa ajili ya kumfurahisha mgeni. Tunaona ni mmoja wa walioshuka, yaani Mungu aliyekuja duniani kwa umbo la mtu. Mkristo akisikia hivyo wakati mwingine anafurahi, wakati mwingine anachukia, kwa sababu "mmoja wa" haimtoshi. Namuelewa.

Na rafiki zangu Wayahudi wananiomba niwaambie watu: Hanukkah si "Krismasi ya Kiyahudi". Ni ukumbusho wa kuwekwa wakfu upya hekalu enzi za Wamakabayo, na kwao ni sikukuu ndogo. Mtu akiwatakia hiyo kwa kuwa tu Krismasi imekaribia, wanapokea, lakini wanajua hawajaulizwa.

#31 Nyuki Kazi
Turudi kwenye neno lenyewe. "Heri" ni la Kiarabu, *khayr*, mema. Mwislamu akisema "heri ya Krismasi" ameomba mema yaliyomo katika siku hiyo. Hajashuhudia kuwa kuna mtu amezaliwa Mungu. Lugha yetu imempa njia.

#32 Jiwe la Pembeni
Na "Krismasi" ni nini? Misa ya Kristo. Umefungua nusu ya neno, nusu nyingine umeiacha imefungwa.

#33 Nyuki Kazi
Basi aseme Noeli. Hiyo imetoka kwenye Kilatini cha kuzaliwa tu, kupitia Kifaransa. Na kuzaliwa kwa Isa humkatai.

#34 Jiwe la Pembeni
Una akili wewe. Bado sisemi, lakini hiyo nitampelekea shekhe.

#35 Mwanga wa Jioni
Wakati unampelekea, muulize na fatwa ya Baraza la Maulamaa la Indonesia ya 1981. Watu wanaitaja kama imeharamisha salamu. Ilichokataza ni Mwislamu kuhudhuria sherehe ya pamoja ya Krismasi, kwa kuwa ina ibada ndani yake. Ubishi wa salamu watu wameuegemeza humo wenyewe.

#36 Mshumaa Mmoja
Naomba niseme la upande mwingine. Mimi ni Mkristo, na sijibu hizo meseji. Mwanangu alifariki tarehe 24 Desemba. Watu wanaonitumia heri hawana kosa, hawajui au wamesahau. Lakini niliyempenda zaidi mwaka huu ni fundi wangu wa nguo, Mwislamu, aliyeandika tu: "Mama, leo nakukumbuka." Hakutaja sikukuu. Sijui kama alikwepa kwa sababu ya dini yake au kwa sababu yangu. Sijamuuliza na sitamuuliza.

#37 Karatasi ya Dhahabu
Pole sana mama.

#38 Tulizana
Pole mama. Nimesoma mara mbili.

#39 Kinyonga
Pole mama yetu.

Mimi naona ofisini tungemaliza kwa "Heri ya sikukuu" tu. Kadi ya kwanza kabisa ya Krismasi kuchapishwa kibiashara, ya Henry Cole huko London mwaka 1843, iliwatakia watu Krismasi na mwaka mpya kwa pamoja, na bado ikazua ugomvi, maana picha yake ilionyesha mtoto ananyweshwa mvinyo na wapinga pombe wakaja juu. Hakuna salamu itakayompendeza kila mtu.

#40 Tulizana
"Heri ya sikukuu" naipokea kutoka kwa bosi. Kutoka kwa mtu aliyekaa mbele yangu miaka sita, nataka aite kitu jina lake. Au akae kimya, lakini anitazame.

#41 Damu Mbili
Baba Mwislamu, mama Mkristo. Nyumbani kwetu baba hakuwahi kutamka heri ya Krismasi, hata mara moja. Lakini usiku wa tarehe 24 ndiye aliyekuwa anampigia mama pasi gauni la kanisani, kola kwanza, halafu mikono, halafu anamsindikiza hadi getini kwa sababu giza. Anasimama nje mpaka misa inaisha. Nimemuuliza juzi kwa ajili ya uzi huu, ana miaka sabini na tatu. Akasema, "Nilikuwa nasubiri mke wangu." Basi. Jiwe atasema baba alifuata upande wake, Mwanga atasema wake. Mimi nimekua nikiona mgongo wake pale getini, na sijui niuweke upande gani.

#42 Mwanga wa Jioni
Siwezi kusema ni wangu.

#43 Jiwe la Pembeni
Wala mimi.

#44 Kaskazi (mleta uzi)
Wakuu, tumerudi kazini. Nilimwambia kabla hajakaa: "Dada, siku ile niliandika nikafuta mara mbili. Sikujua kipi kisiniharibie dini na kisikuharibie siku." Akaniangalia muda. Akasema, "Nilidhani umechoka na mimi." Kisha akasema angependelea ningempigia simu nimwambie hivyohivyo, nimefuta mara mbili. Hakusema kama alikuwa anataka lile neno au la, nami sikumuuliza. Sijaamua nitaandika nini mwakani.

#45 Kumbikumbi
Mwaka mzima uko mbele yako mkuu. Mke wa Tahsas, kwenu ni kesho si ndiyo? Mfungo bado?

#46 Mke wa Tahsas
Bado, wanafungua usiku baada ya ibada. Yuko anavaa shuka lake jeupe sasa hivi. Mimi niko chumba cha pili na simu.